Udongo mpya, tangi la zamani: hofu imelenga pasipo

Mwenye tangi la mimea lililokaa miaka miwili mitatu hufika mahali akaona mambo yamegoma. Vallisneria iliyokuwa ikifika juu ya maji imedumaa, Cryptocoryne inatoa majani madogo ya manjano, kokoto za mbele zimepungua kwa sababu kila anapofyonza uchafu huondoka nazo chache, na ule udongo wa punje alioununua kwa bei ya kuruka umevunjikavunjika ukawa tope. Akiwauliza wafugaji wenzake kama anaweza kuongeza udongo mpya juu ya ule wa zamani, atapata majibu ya aina mbili. Kuna watakaomwambia asithubutu, atawaua samaki wote. Na kuna watakaomwambia amwage tu, kwani ni udongo, si sumu.

Wote wamekosea, ingawa wale wa kwanza ndio wenye sauti kubwa. Udongo unaongezeka vizuri juu ya wa zamani, samaki wakiwa wanaogelea na mimea ikiwa imesimama. Yale yanayotiwa chumvi sana, yaani gesi na kufa kwa bakteria, ni hatari ndogo zinazozuilika. Linaloua kweli ni amonia, na hilo halitajwi mpaka samaki wawe wameanza kutweta juu ya maji.

Dai linalosikika kuliko yote ni kwamba tangi likishakomaa haliguswi: ukitaka udongo mpya, vunja kila kitu uanze upya. Anayesema hivi hajafikiria kuvunja tangi ni kufanya nini hasa. Ni kung'oa mimea yote na kukata mizizi iliyotumia miezi kujishika. Ni kuchimbua tope lote lililotulia chini na kulivuruga kwa mpigo mmoja. Cryptocoryne, ambayo haipendi hata kusogezwa kidogo, huyeyusha majani yake ndani ya siku chache ikabaki mizizi mitupu, kisha huchukua wiki kadhaa kuchipua tena. Ukiweka sentimita mbili za udongo juu bila kung'oa shina hata moja, hayo yote unayaepuka. Sasa hapo nani anayelivuruga tangi?

Mimea yenyewe imezoea kufunikwa. Mto Nzoia hushusha matope kwenye Ziwa Victoria kila msimu wa mvua, na mimea inayoota chini ya maji ukingoni hulazimika kuishi nayo. Ikifunikwa kidogo kidogo hutoa mizizi mipya katika tabaka jipya. Inayokufa ni ile iliyozikwa ghafla hadi majani. Kwa hiyo suala ni kiasi na mwendo.

Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko ufundi. Siku moja kabla, punguza majani marefu na fyonza uchafu uliolala juu ya udongo wa zamani, bila kuchimba chini. Siku ya kazi, toa theluthi ya maji. Chukua kipande cha bomba la PVC la inchi moja na nusu, kirefu kupita kimo cha tangi, na ukisimamishe mdomo wake wa chini ukiguse udongo pale unapotaka kuongeza. Udongo mpya uwe umeloweshwa tayari, maana ukiwa mkavu utabeba mapovu na vumbi. Mimina kikombe kimoja ndani ya bomba, subiri utue, kisha inua bomba taratibu huku ukilisogeza. Punje zitatoka chini bila kupita kwenye maji, na tangi halitageuka chai ya maziwa. Tandaza kwa kidole katikati ya mashina. Kitovu cha Cryptocoryne na Echinodorus, pale majani yanapokutana na mizizi, kibaki wazi. Anubias usiiguse kabisa: lile shina lake nene linalotambaa likizikwa huoza, na mmea huo hauhitaji udongo hata chembe, unajishikilia kwenye jiwe au gogo.

Fanya theluthi moja ya sakafu, kisha acha wiki nzima kabla ya theluthi ya pili. Tangi la sentimita 60 kwa 30 likiongezwa sentimita 3 kote linahitaji lita 5.4 tu za udongo, ambazo zikiwa mchanga zina uzito wa kilo 8 na ushei. Anayenunua mfuko mkubwa na kuumimina wote kwa kuwa ameshaulipia anajitafutia balaa, na pengine ni watu wa namna hiyo walioanzisha huu msemo wa "usithubutu".

Hofu ya pili inahusu bakteria. Inasemwa kwamba bakteria wanaobadili amonia kuwa naitraiti na naitraiti kuwa naitreti wanaishi kwenye kokoto, kwa hiyo ukizifunika umewazika, na tangi linarudi sifuri. Ni kweli kwamba Nitrosomonas, Nitrospira na jamaa zao hushikamana na vitu, hawaelei ovyo majini. Lakini wanashikamana na kila kitu chenye oksijeni ya kutosha: sponji ya filta, majani, mawe, magogo, vioo, na ile sentimita ya juu ya kokoto. Kwenye tangi lenye filta inayofanya kazi sawasawa, sehemu kubwa wako kwenye filta, kwa sababu huko ndiko maji yenye chakula na hewa hupita mchana na usiku. Ukifunika theluthi moja ya kokoto, umewapunguza kidogo, na tabaka jipya litakaliwa na wengine waliokwisha kuwemo.

Kosa lililo karibu na hili ni kuamua kwamba, maadamu leo ni siku ya usafi, basi na sponji ya filta ioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini. Hapo umewapiga bakteria pande mbili kwa siku moja. Filta iachwe bila kuguswa wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kuongeza udongo. Ikiwa imeziba kabisa, ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe.

Tuje kwenye gesi. Masimulizi ni haya: chini ya udongo wa zamani mmejificha mfuko wa haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai viza, na ukiugusa au ukiufunika unapasuka na asubuhi samaki wote wamegeuka matumbo juu. Gesi hiyo ipo na ni sumu kweli. Ila masimulizi yanaruka hatua nyingi.

Mapovu mengi yanayotoka ukichoma udongo wa zamani kwa kijiti ni naitrojeni, kaboni dayoksaidi na methani. Harufu ya yai viza huja na kiasi kidogo mno cha salfaidi, kwa sababu pua ya binadamu huinusa hewani hata ikiwa sehemu chache tu kwa bilioni. Kuinusa si ushahidi wa hatari. Ule weusi unaouona kupitia kioo ni madini ya chuma yaliyoungana na salfaidi, na yakishaungana hayayeyuki kwa urahisi. Maana yake sehemu kubwa ya sumu imefungwa papo hapo ilipozaliwa. Inayoponyoka ikipanda na kukutana na maji yenye oksijeni huanza kugeuka salfeti, isiyo na madhara kwa samaki.

Mizizi nayo inafanya kazi ambayo mjadala huu huisahau. Mmea wa majini hushusha oksijeni kutoka kwenye majani hadi mizizini, na nyingine huvuja kuingia kwenye tope. Mtu yeyote aliyewahi kung'oa mpunga kwenye majaruba ya Mwea au Mbarali ameona mizizi iliyopakwa rangi ya kutu: ni chuma kilichokutana na oksijeni iliyovuja kwenye mzizi, katikati ya tope lisilo na hewa. Vallisneria na Echinodorus zinafanya vivyo hivyo chini ya tangi. Sakafu iliyojaa mizizi haikusanyi gesi kirahisi.

Wapi basi gesi ni ya kuogopwa? Ni pale mchanga laini sana unapotandazwa kwa kina cha sentimita 8 au 10, juu ya majani yaliyooza na chakula kilichomwagika, mahali pasipo na mzizi hata mmoja. Huko ndiko kuzika uchafu. Ndiyo maana nimesema uchafu wa juu ufyonzwe kwanza, na nyongeza isizidi sentimita 3. Konokono wadogo wa Melanoides tuberculata, ambao wengi huwachukia kwa kuzaana, huchimba udongo usiku na kuupitishia maji. Ni wenyeji wa mito na maziwa yetu na hawadai mshahara.

Sasa dai la kundi la pili, ambalo naliona baya kuliko yote yaliyotangulia kwa sababu linasemwa kwa sauti ya kutuliza: "Huu udongo umetengenezwa kwa ajili ya tangi la samaki, mimina tu."

Udongo wa punje wa aina iliyopata umaarufu kupitia Mjapani Takashi Amano, aliyeanzisha kampuni ya Aqua Design Amano mwaka 1982, ni udongo wa asili uliochomwa ukawa punje. Aina nyingi zina naitrojeni ndani yake, na wiki za mwanzo naitrojeni hiyo huvuja majini kama amonia. Kwenye tangi jipya hilo si tatizo, ni faida. Desturi ni kubadili maji mara kwa mara, kusubiri wiki kadhaa, kisha ndipo samaki waingie. Kwenye tangi la zamani samaki wameshaingia. Ushauri ule ule uliofaa kwa tangi tupu sasa unatolewa mahali ambapo hakuna nafasi ya kusubiri, na anayeutoa haoni tofauti.

Amonia majini ina sura mbili. Moja, amoniamu, haina ukali mkubwa. Nyingine, amonia huru, huunguza matamvua. Kipimo cha matone cha dukani kwa kawaida hujumlisha zote mbili, na kinachoamua mgawanyo ni pH na joto. Tuseme kipimo kinasoma miligramu 2 kwa lita, na maji yana joto la nyuzi 25. Kwenye pH 7, amonia huru ni karibu miligramu 0.01 tu, na samaki wengi watavumilia. Kwenye pH 8 inakuwa karibu 0.1, na hapo taabu imeanza. Kwenye pH 9 inafika 0.7, na hapo hakuna cha kujadili. Kiasi ni kile kile, tangi ni lile lile. Kwa hiyo anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hukaribia pH 9, asidanganywe na mwenye tetra kwenye maji laini aliyemwaga mfuko mzima na "hakuna kilichotokea". Tena kwa tangi la Tanganyika udongo wa aina hii haufai kabisa, maana kazi yake nyingine ni kushusha pH na ugumu wa maji. Vallisneria, inayoota ndani ya ziwa hilo hilo, itaridhika na mchanga.

Kushusha pH huko kuna mtego. Udongo mpya ukishalainisha maji hadi pH 6.5, amonia nyingi hubaki katika sura ile isiyo kali, na samaki wanaonekana wazima ingawa kipimo kinapiga kelele. Mwenye tangi anaogopa, anabadili nusu ya maji kwa maji ya kisima yenye pH 8. pH inapanda ghafla, sehemu ya amoniamu iliyobaki inageuka amonia huru, na samaki wanaanza kutweta saa ile ile aliyodhani anawaokoa. Kisha lawama zinakwenda kwa "gesi". Badili maji, ndiyo, lakini asilimia 15 au 20 kwa siku, na upime pH ya maji unayoingiza kabla hujayaingiza.

Njia ya kukwepa haya yote ni rahisi na haina gharama. Loweka udongo mpya kwenye ndoo wiki mbili tatu, ukimwaga maji na kuweka mengine kila siku mbili, mpaka kipimo cha amonia kikaribie sifuri. Utapoteza sehemu ya mbolea, na mimea haitapaa kama kwenye picha za matangazo. Mimi nachukua hasara hiyo bila kufikiri mara mbili. Na kabla ya kuanza, tia kwenye tangi mmea unaokua haraka usiohitaji udongo, kama Ceratophyllum. Hunywa amoniamu moja kwa moja kutoka majini, na ukishamaliza kazi waweza kuutoa.

"Mchanga ni mchanga, chota ufukweni." Hili halihitaji maneno mengi. Mchanga mweupe wa pwani yenye matumbawe, uwe wa Unguja au Diani, umejaa vipande vya magamba na matumbawe. Ni chokaa. Utapandisha ugumu na pH miezi na miezi. Dondoshea siki: ukitoa mapovu, si wa tangi la mimea. Mchanga wa mtoni unaouzwa kwa ujenzi kwa kawaida ni salama zaidi, ukioshwa kwenye beseni mpaka maji yatoke meupe, lakini nao upimwe kwa siki. Jambo moja zaidi: mchanga laini ukiwekwa juu ya kokoto kubwa hauwezi kukaa juu. Unapenya kwenye nafasi na kushuka, na baada ya miezi michache kokoto zimerudi juu. Anayetaka sura ya mchanga mbele atenge eneo hilo kwa safu ya mawe, la sivyo atakuwa ananunua mchanga kila mwaka.

Limebaki dai ambalo kwa kweli ndilo linalowapeleka watu dukani: kwamba udongo wa zamani umekufa, hauna chakula tena. Mara nyingi si kweli. Chembe za mfinyanzi ndani ya udongo huo bado zina uwezo wa kushika virutubisho, na kila siku kinyesi cha samaki kinaongeza vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Marekani John Barko na Michael Smart walionyesha kwamba mimea ya majini yenye mizizi huchukua fosforasi yake nyingi kutoka kwenye tope, huku potasiamu ikitoka zaidi majini. Kinyesi na mabaki ya chakula huleta fosforasi kwa wingi. Potasiamu ndiyo hupungua. Majani ya zamani yenye vitundu vidogo vyenye ukingo wa manjano mara nyingi yanalilia potasiamu, na hakuna mfuko wa udongo utakaolitatua hilo. Diana Walstad, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu ekolojia ya tangi la mimea, alitetea udongo wa kawaida wa bustani uliofunikwa kokoto, unaolishwa na chakula cha samaki. Hakuhitaji udongo wa kiwandani.

Kinachokwisha kweli ni umbo na kina. Punje zikishavunjika, maji hayapiti. Sakafu ikishapungua chini ya sentimita 4, Echinodorus haina pa kuzamisha mizizi. Hizo ndizo sababu halali za kuongeza. Kama shida ni njaa peke yake, vidonge vya mbolea vya kuzikwa kwenye mizizi vinatosha, vilivyotengenezwa kwa ajili ya tangi. Nasisitiza hilo kwa sababu kuna wanaopendekeza kuzika punje za DAP ya shambani. DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni, yote katika sura ya amoniamu. Gramu moja ikiyeyuka kwenye lita 60 inatoa miligramu 3 za naitrojeni kwa lita. Rudi kwenye hesabu ya pH 8 hapo juu. Urea ni mbaya zaidi, na samadi sina haja ya kuieleza.

Kuhusu kuwatoa samaki wakati wa kazi: kwa nyongeza ya theluthi moja, hapana. Kuwafukuza kwa wavu na kuwaweka kwenye ndoo kunawachosha kuliko vumbi kidogo. Na maji yakichafuka rangi baada ya kazi, acha. Vumbi la udongo hutua au hunaswa na filta kwa siku moja au mbili. Ukungu mweupe unaokuja siku ya tatu ni bakteria waliozaliana majini, nao huisha wenyewe. Ongeza hewa kwa pampu, punguza chakula.

Siku tatu za kwanza pima amonia na pH kila siku, baada ya hapo kila siku ya pili kwa wiki mbili. Kama huna kipimo cha amonia, usianze. Punje kavu kwenye mfuko haziozi; zitakusubiri.